Siku moja katika chumba cha masikio, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Baridi ya Julai ilikuwa ikiuma vidole nilipopanda bajaji kutoka Uyole kwenda kazini. Mimi ni tabibu wa masikio, na karibu kila mgonjwa wangu huanza kwa neno moja, "sisikii". Kazi yangu ni kutafuta ni wapi njia ya sauti imekatika.

Saa 2:00. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka minne aliyejitia punje ya haragwe sikioni wakati bibi yake akichambua maharage. Mama yake, kwa nia njema, alimimina maji ili itoke. Maji huondoa nta iliyolainika, lakini haragwe kavu likinywa maji huvimba na kubana, na ndivyo lilivyokuwa. Nilimwomba mama ampakate na kumshika kichwa, kisha nikapitisha kindoano nyuma ya punje, nikaivuta polepole. Ganda lilitangulia kuchanika, na punje yenyewe ikafuata baada ya dakika ishirini za machozi. Nilipochungulia kwa taa niliona kiwambo cha sikio kikiwa kizima, chenye rangi ya kijivu inayong'aa kama lulu.

"Ndaga fijo, daktari," mama alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Mimi ni tabibu, si daktari, lakini sikumsahihisha.

Saa 4:00. Walifuata watoto wenye masikio yanayotoa usaha. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, ambamo mifupa mitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, hupokezana mtikisiko wa sauti. Kikuku kina urefu wa milimita tatu hivi tu. Chumba hicho hupata hewa kupitia mrija unaotokea nyuma ya pua, na ndio mrija ule ule unaoziba na kuzibuka masikioni mwetu tunapoteremka na basi kwenda Kyela. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala zaidi, hivyo mafua hupanda kirahisi, usaha hujaa, na kiwambo hutoboka. Niliwaonyesha akina mama namna ya kusokota kitambaa safi cha pamba na kukausha sikio kabla ya kudondoshea dawa, kwa sababu dawa ikidondoshewa juu ya usaha haifiki inakotakiwa.

Saa 7:00. Chakula cha mchana kilikuwa wali kwa maharage. Muuguzi ninayefanya naye kazi alicheka sana.

Saa 8:00. Aliingia mzee aliyesimamia mashine ya kusaga kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Shikamoo mzee."

"Eeh?"

Mkewe alinieleza kwamba akiombwa simu huenda kutafuta fimbo. Nilipiga uma wa chuma wa kupimia usikivu, nikausimamisha katikati ya paji lake la uso, akasema mlio anausikia upande wa kulia, ambao ndio sikio lake lenye nafuu. Kama tatizo lingekuwa nta au kiwambo cha kushoto, mlio ungeelekea kushoto. Kwa hiyo ubovu ulikuwa ndani zaidi, kwenye koklea, mfereji uliojiviringisha kama konokono mara mbili na nusu. Humo mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000 zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba ndizo hutangulia kuharibika, ndiyo maana herufi kama "s" na "f" humpotea mzee huyu huku sauti nene za wanaume akizipata. Nilimuuliza kama aliwahi kuchomwa sindano za streptomaisini, dawa ya kifua kikuu inayoweza kuua seli hizo hizo, akakana. Nilimwandikia kipimo kamili na kifaa cha kusaidia kusikia, nikimweleza wazi kwamba kifaa hukuza sauti, hakirudishi kilichokufa.

Saa 11:00. Nikiwa narudi nilipita kwenye mashine moja ya kusaga. Kelele za desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huvumilika kwa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo hupungua nusu. Pale mlangoni, hatua moja tu kutoka kwa kijana anayesaga, ilinibidi nipaze sauti ndipo anisikie. Nilimpa vizibo viwili vya masikio vilivyokuwa mkobani. Alivitazama, akavitia mfukoni, akaendelea kumimina mahindi.