Chumba chenye kufuli kwa nje

Ilikuwa kama saa nane za usiku, Temeke, nyumba ya kupanga ya vyumba sita: korido katikati, vitatu huku na vitatu huku, jiko na choo uani. Chumba cha mwisho kushoto kilikuwa kinawaka, na moshi mweusi ulikuwa umejaa korido hadi barazani.

Sajenti wa kikosi chetu cha zimamoto hakuuliza kama ndani kuna watu, maana swali hilo hujibiwa kwa makelele. Alimsogelea mwenye nyumba: "Mama, nani humwoni hapa nje, na analala chumba gani?" Jibu likaja papo hapo: watoto wawili, chumba cha pili kushoto, mama yao yuko zamu ya usiku.

Wenzetu wa hozi, mpira wa maji, walitangulia wakajipanga mlangoni pa chumba kinachowaka, wakiuzuia moto usitoke koridoni. Bila wao, upekuzi wa chumba cha jirani ni kujitoa mhanga. Mitungi yetu ya hewa ya kupumulia, ya lita 6.8, ilisoma mgandamizo wa bar 290. Kwa anayetambaa na kubeba mtu, hewa hiyo ni ya nusu saa, pengine pungufu. Tukakubaliana kwamba mmoja akifika 150 tunageuka wote. Filimbi ya tahadhari ya mtungi hailii mpaka karibu bar 55, na hapo umebakiwa na hewa ya kutokea tu, tena kama njia ni nyeupe.

Tulitambaa, mkono wa kushoto ukutani. Mlango wa pili ulikuwa na kufuli, kwa nje. Ni rahisi kusema ndani hakuna mtu, ukapita. Kwenye nyumba za kupanga usipite kamwe: mzazi anayekwenda kazini usiku huwafungia watoto ili mtu asiwaingilie. Mwenzangu alipenyeza mtaimbo nyuma ya komeo, si kwenye kufuli. Kufuli ni chuma. Skrubu zilizokaa kwenye mbao huchomoka.

Mlango ulisogea upana wa kiganja, ukagoma. Mlango ukigoma hivyo, ukaupiga teke, unaweza kumvunja uliyekuja kumwokoa. Nilipitisha mkono chini, nikagusa mguu mdogo. Tukausukuma mlango taratibu, tukaingia, kisha tukaurudishia nyuma yetu ili moshi wa korido usitufuate. Hata hivyo moshi ulikuwa unashuka kutoka juu: kuta za nyumba hizi mara nyingi huishia usawa wa dari, na chini ya bati vyumba vyote ni kimoja. Dirisha lilikuwa na nondo. Kuvunja kioo kungeuvuta moto uje kwetu, na pa kutokea tusipate.

Mwenzangu alibaki na yule mtoto mlangoni, akiita jina langu kila mara ili nijue mlango uko wapi. Mimi niliendelea na ukuta, mkono wa kulia ukipapasa sakafu. Penye kitanda, chandarua kikanasa kwenye vali ya mtungi. Ukijizungusha, kinakufunga zaidi. Rudi nyuma kidogo ulikotoka, halafu kikate. Kitandani hapakuwa na mtu. Nikapitisha mpini wa shoka chini ya kitanda, mpini, si bapa, ukagota kwenye kitu laini kule ukutani. Watoto hukimbilia penye giza: uvunguni, kabatini, nyuma ya mabegi. Ukipekua kwa kuita tu, hawajibu, na sauti inayotoka kwenye barakoa huwatisha zaidi.

Redioni nilisema: "Wawili, tunatoka." Geji yangu ilikuwa 170. Tuliwakumbatia vifuani, tukatambaa chini ya moshi, safari hii mkono wa kulia ukutani.

Nje walipewa oksijeni wote wawili, hata yule aliyekwisha kuanza kulia. Hewa ya sumu ya moto hubaki kwenye damu saa kadhaa, na mtoto anayelia anaweza kuzimika ndani ya gari. Wakapelekwa hospitali. Upekuzi wa pili ulifanywa na askari wengine kabisa, kwa sababu aliyekwisha kupapasa chumba huamini mikono yake. Walianza na ukuta wa kulia, wakavunja makomeo yote yaliyobaki. Hawakukuta mtu.