Filta iwe saa nane

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu mtaa wa Umoja, anataka nimfundishe sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme. Ana miaka 16, anapiga kinanda kanisani, na amezoea kubonyeza namba: hii filimbi, ile fidla. Nikampa Korg Monotron yangu, kile kidude cha mwaka 2010 kinachoingia mfukoni na kutumia betri mbili nyembamba. Akakigeuza huku na huku.

"Mjomba, sauti ziko wapi?"

Hazimo. Ndani mna osileta moja inayotoa sauti ghafi, filta moja inayoziba au kufungua makali yake, na osileta nyingine ya polepole ya kutikisa sauti. Nobu tano tu, na hakuna mahali pa kuhifadhi kitu. Kwa anayeanza sijaona mashine bora, kwa sababu hakuna pa kujificha.

Kabla hajagusa chochote nilimwambia aimbe "uuu", kisha aende "ooo", "aaa", "iii" bila kubadilisha noti. Koo ni lile lile kama osileta, mdomo ndio unaogeuza kama filta. Halafu akaweka kidole kwenye utepe wa kupigia noti na kuzungusha nobu ya filta taratibu. Ile sauti nzito, kama redio iliyofunikwa blanketi, ikaanza kufunguka hadi ikawa kali. Akarudia mara nne bila kusema neno. Nikanyamaza nami, maana hapo ndipo mtu anaelewa.

Mimi sikuwa na mashine nilipoanza. Nilianzia mafunzo ya bure ya Ableton, Learning Synths, yanayofunguka kwenye kivinjari. Unasogeza kitu na kusikia papo hapo. Yamalize kabla hujatoa hata shilingi. Baada ya hapo kuna makala za Gordon Reid katika jarida la Sound on Sound, Synth Secrets: sehemu 63, za 1999 hadi 2004, kusoma ni bure. Ni maandishi, kwa hiyo bando halikimbii kama kwenye video. Nyingine ni ngumu kweli, usizifuate moja baada ya nyingine. Soma za mwanzo, kisha ruka hadi zile za kuiga tarumbeta. Nilijifunza kwamba tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu haiongezi ukubwa wa sauti tu, inazidi kung'aa pia, ndiyo maana ukiiiga kwa sinthesaiza, filta lazima ifunguke noti inapoanza. Jumapili iliyofuata bendi ya Jeshi la Wokovu ikapita mtaani, nikatoka mlangoni kusikiliza hilo tu. Lilikuwepo, waziwazi.

VCV Rack, programu ya kompyuta ya kuunda sinthesaiza kwa vipande viitwavyo moduli, nayo ni bure na naipenda sana, ila iache kwanza. Moduli zake ni nyingi mno, na mwanafunzi hutumia jioni nzima kuunganisha nyaya za kwenye skrini badala ya kusikiliza.

Chombo ninachokisisitiza kuliko vyote ni daftari la shule. Ukipata sauti unayoipenda, chora duara kwa kila nobu na mshale unapoelekea, kama saa ya ukutani. Hapa tulikwama kidogo. Nilimwambia, "Filta iwe saa nane," naye akaielekeza kwenye namba 8, chini kushoto, sauti ikazibika. Mimi nilikuwa nasoma kama tunavyosoma saa zetu: mshale kwenye 2, hiyo ni saa nane. Wanaofundisha kwa Kiingereza husema namba yenyewe. Tukakubaliana kwamba daftari letu linafuata saa ya Kiswahili, na nikaandika hivyo kwenye jalada.

Kazi niliyompa ni ile tarumbeta. Monotron haina anvelopu, yaani sehemu ya kufungua na kufunga filta yenyewe kila noti, kwa hiyo mkono wake wa kushoto ndio utafanya kazi hiyo kila noti inapoanza. Jana usiku alinitumia picha ya ukurasa wake: maduara matano, na kwenye lile la filta mshale uliopinda kutoka saa tatu hadi saa nane. Chini ameandika kwa penseli: "haraka, halafu rudisha kidogo."