Kumbukumbu ya mradi wangu: nyimbo 14 za The Crow, wimbo mmoja kila usiku

Usiku wa 1

Nimejiwekea sharti. Wimbo mmoja kila usiku, kwa mpangilio ule ule wa albamu, taa zimezimwa, hedifoni masikioni. Kila wimbo nausikiliza mara tatu kabla sijaandika neno. Albamu yenyewe ni ya nyimbo za filamu ya The Crow, iliyotoka Machi 1994, wiki chache kabla ya filamu kuingia majumba ya sinema, na mwaka huo huo ikapanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard ya albamu zinazouzika Marekani. Ninayo miaka mingi, lakini nimekuwa nikichagua zile tatu nizipendazo na kuziruka nyingine. Wimbo wa mwisho sijawahi kuusikia ukiisha.

Nimeanza na Burn ya The Cure. Ngoma zinatangulia, zile nene za chini, zinazunguka kama mtu anayetembea chumbani asipate pa kukaa. Magitaa yanaingia juu yake tabaka kwa tabaka. Robert Smith, mwimbaji wao, hana haraka. Anapofungua kinywa tayari umeshaloa. Wimbo una zaidi ya dakika sita na hakuna hata moja ningeikata. Kundi hilo liliutunga kwa ajili ya filamu hii, na nadhani ndiyo maana umekaa mahali pake barabara. James O'Barr, aliyechora kitabu cha katuni ambacho filamu ilitokana nacho, alikuwa ameweka humo maneno ya wimbo wao mmoja wa zamani. Alianza kuchora akiwa na msiba: mchumba wake aliuawa na dereva mlevi. Kwenye filamu, Burn inapigwa Eric Draven, mhusika mkuu aliyefufuka, anapojipaka uso rangi, na kwa mara ya kwanza leo nimeisikia bila kuiona picha hiyo. Msiba umo humo humo kwenye ngoma.

Usiku wa 2 na wa 3

Golgotha Tenement Blues ya Machines of Loving Grace ni nzito na ya mashine, nimeipenda kiasi. Usiku wa pili umepita haraka.

Big Empty ya Stone Temple Pilots ni habari nyingine. Beti zake ni za mtu aliyechoka kabisa: gitaa linateleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, Scott Weiland anaimba chini chini. Kibwagizo kikija ukuta mzima unaanguka. Halafu kimya tena. Kundi lilikuwa limetoa wimbo mwingine kwa filamu hii, unaoitwa Only Dying, yaani kufa tu, lakini tarehe 31 Machi 1993 mwigizaji mkuu, Brandon Lee, alikufa baada ya kupigwa risasi wakati wa kurekodi filamu, kwa bastola iliyodhaniwa kuwa salama. Alikuwa na miaka 28. Wimbo wenye jina kama hilo haukuweza kubaki, wakaleta huu. Nikiwa gizani na hedifoni, kujua hilo kulinifanya niurudie mara ya nne, nikavunja sharti langu.

Usiku wa 4

Dead Souls. Hapa nimekaa saa mbili.

Nine Inch Nails hawakuutunga wao. Ni wa Joy Division, uliotoka 1980, mwaka ambao mwimbaji wao Ian Curtis alijiua akiwa na miaka 23. Nimeusikiliza wa kwanza, kisha huu, kisha wa kwanza tena. Mifupa ni ile ile: muziki unajenga, unajenga, na sauti ya mtu inachelewa mpaka unaanza kujiuliza kama itakuja. Kwa Joy Division kuchelewa huko ni baridi, gitaa limekauka, ngoma ziko mbali. Trent Reznor wa Nine Inch Nails amejaza nafasi ile ile kwa vyuma vinavyosagana, lakini hakuiharakisha. Hilo ndilo ninalomheshimu. Angeweza kuingia mapema na hakuingia. Sauti inapofika inaimba juu ya wafu wanaomwita, nami nikavua hedifoni kidogo nipumue.

Usiku wa 5 na wa 6

Darkness ya Rage Against the Machine imetoka kwenye kanda yao ya mwanzo ya 1991, wameirekodi upya. Inaanza laini, karibu na jazi, halafu inapasuka. Inazungumzia watu kuuawa na ardhi yao kuchukuliwa. Kati ya nyimbo zote hizi ndio wenye hasira inayotazama nje, si ndani. Violent Femmes nimewasikiliza mara tatu kama sharti linavyotaka. Basi.

Usiku wa 7

Ghostrider ya Rollins Band nao ni wimbo wa wengine uliopigwa upya. Wenyewe ni Suicide, watu wawili wa New York, rekodi ya 1977, kinanda na mashine ya ngoma, hakuna gitaa hata moja. Rollins Band wameujaza magitaa. Nimeupenda wa zamani zaidi, niseme kweli, lakini nimeanza kushuku kuna jambo albamu hii inafanya kwa makusudi.

Usiku wa 9

Jana nililala mapema, kwa hiyo Milktoast ya Helmet nimeiunganisha na leo. Kisha The Badge ya Pantera, na huu nao ni wa wengine, Poison Idea wa Portland. Sasa ni tatu. Filamu ni ya mtu aliyekufa anayerudi, na albamu imebeba nyimbo tatu zilizofukuliwa zikapewa miili mipya, mizito kuliko ya kwanza. Sijali kama waliokusanya walilipanga hivyo. Mimi nimelisikia, na sasa siwezi kusikia vingine.

Usiku wa 10 hadi wa 13

Slip Slide Melting, After the Flesh, Snakedriver: nzuri, ya mwisho hasa, kelele zake ni tamu. Time Baby III ya Medicine ina sauti ya Elizabeth Fraser wa Cocteau Twins, na baada ya Pantera masikio yangu yaliipokea kama maji.

Usiku wa 14

It Can't Rain All the Time. Jane Siberry, pamoja na Graeme Revell aliyetunga muziki wa filamu. Ndio niliokuwa nikiuruka. Niliona ni laini mno, haufai kukaa jirani na magitaa yale.

Safari hii niliufikia baada ya usiku kumi na tatu wa vyuma. Siberry anaimba kama anayezungumza na mtu aliye kitandani. Kwenye filamu, maneno hayo ya kwamba mvua hainyeshi siku zote yametoka kwenye wimbo wa Eric alipokuwa hai, na mtoto Sarah, rafiki yake, anamtambua kwa hayo tu. Nami nilikuwa nimeyaruka miaka yote.

Ulipoisha kukawa kimya kirefu. Nikausogeza mkono gizani, nikarudi wimbo wa kwanza, na zile ngoma zikaanza kuzunguka.