Nilivyoisoma nishani ya sajini kwa tochi ya simu

Yote yalianzia kwenye kopo la biskuti. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, kusini mwa London, na bibi mmoja ninayemhudumia, miaka tisini na kitu, alinitolea kopo hilo siku moja baada ya chai. Ndani mlikuwa na nishani ya marehemu kaka yake, aliyeruka na ndege za mabomu wakati wa vita vya Hitler. "Hii ni Distinguished Flying Cross," akasema. "Alikuwa rubani. Ila alichofanya hasa, hakuna aliyewahi kuniambia." Kwa kiherehere changu nikajibu: nitakutafutia.

Wiki mbili nikapotea. Nilipekua The London Gazette, gazeti la serikali ya Uingereza linalotangaza nishani, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka bure mtandaoni. Misalaba hiyo, maana Cross ni msalaba, ilitolewa zaidi ya 20,000 katika Vita Kuu ya Pili, na kutafuta jina la ukoo wao humo ni sawa na kumuulizia Juma pale Tandale.

Kosa langu ni kwamba sikuitazama nishani yenyewe. Msalaba una mikono minne. Hii ilikuwa na umbo la yai. Utepe wa msalaba na wa hii yote miwili ina mistari ya mshazari, nyeupe na zambarau, ila ya msalaba ni minene maradufu. Kumbe nilichoshika ni Distinguished Flying Medal. Zote mbili zilianzishwa Juni 1918, kwa ushujaa wa angani mbele ya adui. Kilichozitenganisha ni cheo tu: msalaba kwa maafisa na maafisa waranti, medali kwa masajini na walio chini yao. Ndani ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza, walikaa watu saba, moto unaowapiga ni mmoja, halafu wakitua salama nishani zinagawanywa kwa kutazama mabega! Medali zilitoka 6,600 hivi tu, na masajini ndio waliojaa kwenye ndege hizo. Hesabu hiyo bado inanikera. Ubaguzi huo ulikuja kufutwa mwaka 1993.

Lakini kwangu mimi cheo cha chini kiligeuka neema. Msalaba ulitolewa bila jina la mtu, umechongwa mwaka tu. Medali ilipigwa namba, cheo na jina pembeni, kwenye ukingo. Ukingo wa hii ulikuwa mweusi tititi. Nilishafungua dawa ya meno, maana nyumbani ndivyo tunavyosugua bangili za fedha, kisha nikasita. Afadhali nilisita, kwa sababu ukisugua unakula herufi zenyewe. Nilichofanya ni kuzima taa na kulaza tochi ya simu ubavuni kabisa, mwanga upite juu kwa juu. Herufi zikatoa vivuli. Namba, SGT yaani sajini, jina, R.A.F. yaani jeshi la anga la Uingereza. Tarakimu moja ilinigomea, 3 au 8? Nikafunika karatasi nyembamba, nikapitisha penseli taratibu. Ni 8.

Kwa namba hiyo nilimpata jioni ileile, toleo la 1944. Mstari mmoja tu! Namba, jina, kikosi, basi. Hakuna hadithi.

Hadithi iko Kew, humu humu London, kwenye Nyaraka za Taifa. Kadi ya msomaji ni bure. Unapeleka kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Begi linabaki kwenye kabati, kalamu ya wino marufuku. Mapendekezo ya nishani yamo kwenye kundi la AIR 2, na ukishajua tarehe ya Gazette kazi inapungua sana. Kumbukumbu za kila siku za vikosi ni AIR 27. Niliagiza mafaili matatu. Mawili hayakuwa na lolote. La tatu lilikuwa na karatasi yake, imepigwa taipu, imekuwa rangi ya majani makavu: safari 29 juu ya adui, saa kadhaa za kuruka, na maneno ya kamanda wake.

Hakuwa rubani. Alikuwa mlinzi wa mkiani, peke yake nyuma kabisa, kwenye kibanda kinachozunguka chenye bombomu nne. Usiku mmoja wakirudi kutoka Berlin, injini ya nje ya kushoto ilipigwa ikafa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakizungusha kibanda chake. Akabaki anakizungusha kwa mkono, baridi ile, huku akimwelekeza rubani akwepe wapi, mpaka ndege ya adui ikawaacha.

Jumatatu nikamsomea bibi, polepole, mara mbili. Akauliza jambo moja tu: "Na rubani alipewa nini?" Nilikuwa nimeliangalia. Alipewa msalaba, kwa usiku uleule. Bibi akacheka hadi akakohoa. "Basi ni mama huyo! Mama ndiye aliyewaambia majirani ni msalaba."

Usiku nikampigia baba, Songea. Babu alipigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na nyota yake ya shaba imo kwenye sanduku la baba hadi leo.

"Baba, shikamoo. Hebu igeuze ile nyota ya babu, nyuma pameandikwa nini?"

"Marahaba. Hapajaandikwa kitu. Kweupe."

Nilishajua. Nyota za vita hivyo Waingereza walizitoa bila majina. Nikamuuliza kama kuna karatasi yoyote ya jeshi. Hakuna, mchwa walimaliza.

"Ila namba yake ninayo," akasema. "Mzee alikuwa anaitaja hata usingizini."

Akaanza kuitaja. Nikachukua ile penseli ya Kew.