Nilivyodanganya kuhusu kifundo cha mguu

Siku 10 kabla ya mashindano niliteguka kifundo cha mguu wa kulia, na wala haikuwa msituni. Ingekuwa nimeruka gogo au nimeteleza kwenye mwamba ningekuwa hata na cha kusimulia, lakini mimi nilikosea ngazi ya mwisho huku naangalia simu. Mguu ukajikunja kwa ndani, nikasikia ka mlio kama mtu kavunja kijiti kikavu, na mpaka nafika kwenye kiti soksi ilikuwa inabana.

Fizio, mtaalamu wa viungo, akaniambia nitembee hatua 4 mbele yake. Nikatembea, kwa kuchechemea kweli, ila zikatimia, akabonyeza bonyeza mifupa akasema inaonekana iko salama, tatizo ni ligamenti za upande wa nje, zile kano zinazoshikanisha mifupa, zimevutika na moja huenda imechanika kidogo. Nikamuuliza habari za kukimbia, kwa sauti ile ya mtu anayemuulizia rafiki yake. Akasema wiki 3 hivi, tena uanzie kwenye barabara tambarare, maana ligamenti ikiumia sio maumivu tu, mguu wenyewe unakuwa haujui umekanyaga vipi, unachelewa kujirekebisha.

Barabara tambarare. Mimi nilikuwa naenda kwenye orientiringi.

Kwa asiyeujua huu mchezo, ni mbio ambazo njia haijawekwa. Unapewa ramani na dira basi. Kwenye ramani kuna pembetatu ya zambarau ndo unapoanzia, halafu viduara vyenye namba, halafu duara mbili moja ndani ya nyingine ndo mwisho. Unavifuata vituo kwa mpangilio wake, katikati hapo upite wapi ni juu yako. Kila kituo kina kibendera cheupe na rangi ya chungwa, kina namba yake ya utambulisho, na kina kifaa unachomeka chipu uliyoifunga kidoleni kinalia pii. Ukiruka kituo kimoja, au ukachomeka kwenye kituo kisicho chako badala ya chako, umefutwa, hata uwe umefika wa kwanza. Hiyo sheria naijua tangu siku ya kwanza kabisa, naitaja hapa kwa sababu itanihusu mbele.

Ratiba ilikuwa Jumamosi kila mtu na mbio zake, umbali wa kati, Jumapili rilei, yaani mbio za kupokezana, ya watu watatu. Sisi tulikuwa watatu kamili, wa akiba hatuna. Zamu ya kwanza dada mmoja ambaye kwa kweli ndo injini ya timu, zamu ya pili mzee wetu ambaye alianza huu mchezo kabla mimi sijazaliwa, zamu ya mwisho mimi. Nikijitoa timu haipo. Siku mbili kabla dada akanipigia, "Mdogo wangu, mguu vipi? Nasikia ulijikwaa." Nikamjibu, "Ah dada, kitu kidogo tu, umeshapoa." Wakati namjibu hivyo mguu uko juu ya mto mbili na barafu imefungwa kwenye taulo.

Nikisimulia watu huwa wanasema oh uliwajali wenzio. Hapana bana. Niliogopa kubaki nyumbani wao wanakimbia, niliogopa wakapata mtu mwingine akaonekana ana nafuu kuliko mimi. Hilo la kujali timu nililigundua baadaye, nilipokuwa natafuta sababu nzuri ya kusema.

Jumamosi niliamka mapema kabla ya wote nikajifungia chooni kufunga tepu. Nikafunga kama nilivyoona fizio anafanya, kutoka ndani ya kisigino kupita chini kupandisha nje, mara tatu, soksi ndefu juu yake, kidonge cha maumivu, na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Ramani ilikuwa ya 1:10000, yaani sentimita 1 ni mita 100, na kati ya kontua na kontua, ile mistari ya mwinuko, mita 5. Mtu mgeni akiiona ramani ya orientiringi anadhani kijani ndo msitu na nyeupe ni uwazi, kumbe nyeupe ndo msitu unaokimbilika vizuri, kijani inavyozidi kukolea ndo vichaka vinavyozidi kukukaba, uwazi ni njano. Siku zote mimi naangalia rangi kwanza. Siku hiyo nilijikuta naangalia kitu ambacho sijawahi kukiangalia maishani mwangu, mteremko unashukia upande gani.

Maana niligundua kabla hata ya kituo cha pili. Ukikata mlima kwa ubavu, kama bonde liko kulia kwako, mguu wa kulia unalalia ukingo wake wa nje, unajikunja kulekule ulikojikunja siku ile kwenye ngazi. Bonde likiwa kushoto, mguu huohuo uko salama kabisa, raha mustarehe. Basi mimi mbio nzima natafuta namna ya kuweka bonde kushoto. Kutoka cha 3 kwenda cha 4 wenzangu wote walikata moja kwa moja ubavuni bonde kulia, mimi nikapanda hadi mgongo wa kilima, nikatembea na mgongo, nikashukia upande wa pili kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi ya dari, na nikakipata kituo nikitokea upande ambao nina uhakika aliyepanga vituo mwenyewe hakuutegemea. Nilijiona fundi, kumbe nilikuwa tu nachelewa. Nikamaliza nafasi ya 19 kati ya 30 na kitu, dada akasema "leo ulikuwa unatembea au?" nikasema nilifanya makosa mawili ya ramani. Fikiria, mwana orientiringi anasingizia ramani ili kuficha mguu.

Usiku nilikuwa chumba kimoja na mzee. Nikavua soksi taa ikiwa imezimwa. Kifundo kilikuwa cha moto na rangi nilikuja kuiona kwa mwanga wa simu, zambarau ileile ya viduara vya ramani. Mzee akauliza kutoka gizani, "Kijana, mbona kama unavuta mguu?" Nikasema, "Uchovu tu mzee."

Akanyamaza, nikadhani kalala, kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia ile hadithi yake. Ana hadithi moja anairudia kila safari, ya mashindano ya dunia ya 2009 kule Hungaria, rilei ya wanaume, Martin Johansson wa Sweden kachomwa na kijiti pajani, kimeingia ndani kabisa, na karibu yake wako Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Anders Nordberg wa Norwe na Michal Smola wa Czech, wote wako kwenye nafasi ya kuwania medali, na wote watatu wakasimama wakaacha mbio wakamsaidia. Dhahabu wakachukua Uswisi. Mzee akifika hapo lazima aongeze kwamba kusaidia majeruhi ni wajibu ulioandikwa kwenye sheria za mchezo, mtu anaweza kudhani ni wema tu, lakini ni sheria. Nimeisikia labda mara 20. Ile ya usiku ule ndo pekee iliyoninyima usingizi, kwa sababu kama ni wajibu wa kila mtu kusimama anisaidie nikianguka, basi mimi kuingia msituni na mguu huu najua ukweli wake ni kama kumkopa mtu bila kumwambia.

Asubuhi ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi kama 5 hivi za kusema, nazikumbuka moja moja. Nikafunga tepu mara nne badala ya tatu.

Dada akarudi wa 5, mzee akapandisha hadi wa 4, kwa umri ule, anatiririka jasho, akanigusa bega akasema "nenda baba, taratibu". Nikachukua ramani yangu nikaenda, na sikwenda taratibu.

Rilei ina ujanja wake. Mnaanza pamoja, kwa hiyo ili watu wasifuatane tu kama kondoo, waandaaji wanagawa vituo, wewe cha 9 chako kiko kwenye jiwe hili, mwenzio cha 9 chake kiko kwenye jiwe lile pale karibu, mwisho wa siku kila timu imepita kote. Ndo maana kila kituo unasoma namba kabla ya kuchomeka. Mtoto wa wiki ya kwanza anafundishwa hilo.

Kati ya cha 6 na cha 7 nikakanyaga jani lililofunika mzizi, bonde kulia. Nikaenda chini mzima mzima. Maumivu yale yana sekunde moja ya ukimya kabla hayajafika, halafu yanafika. Nikasikia miguu inasimama nyuma yangu. Kijana wa klabu nyingine, simjui, alikuwa wa 5 yaani ananifukuza mimi, angeweza kunipita bila hata kugeuka. Akasema, "Kaka, umeumia?" Nikamwambia, "Hapana hapana, nimeteleza tu, nenda." Hakwenda. Akasubiri mpaka nimesimama, akautazama mguu wangu, akanitazama mimi, ndo akaondoka. Sekunde 20 labda, au 30, zake, nilizila mimi.

Kuanzia hapo sikuwa nasoma ramani, nilikuwa namfukuza yule kijana. Sijui nilitaka nini, nadhani nilitaka aone kwamba kweli sijaumia. Nikamwona anainama kwenye jiwe kubwa mbele, kibendera kile, nikafika, nikachomeka, pii, nikaendelea. Nikamaliza wa 6, nimenyoosha mikono na kila kitu.

Kwenye meza ya kusomea chipu karatasi ikatoka, mama wa kujitolea akaiangalia, akaangalia tena, akanisogezea kidole kwenye mstari wa 9. "Hapa umechomeka 141. Yako ni 147." Mita 60 hivi kati ya jiwe na jiwe. Timu nzima imefutwa, pamoja na ule ukimbiaji wote wa dada, na ya mzee pia.

Dada akaja, akaona jinsi ninavyosimama, mguu mmoja kama korongo. Akasema kwa upole, "Ni mguu, eeh?" Na mimi niliyeukana huo mguu siku zote hizo, kwa simu, gizani, msituni, nikasema, "Ndio dada, mguu ulinisumbua sana."

Mzee alikuwa amekaa chini anafungua viatu vyake. Hata hakuinua kichwa. "Mguu hausomi namba," akasema.

Nikakaa. Kiatu kilikuwa hakitoki, kilichovimba kimejaa humo ndani, kamba imezama kwenye nyama. Nikawaambia yote hapo hapo, ngazi, simu, wiki 3, choo, mpaka yule kijana. Dada akaenda kuleta mkasi na barafu kutoka kwa watu wa huduma ya kwanza, hakusema kitu, na alipotea muda mrefu kuliko inavyohitajika kuleta mkasi.

Mzee akaichukua ramani yangu iliyolowa, akainyoosha juu ya paja lake, akaanza kukata kamba za kiatu moja baada ya nyingine kwa ule mkasi, na alipofika ya tatu akaniuliza, "Haya, ya tisa uliingilia wapi?"