Siku moja maishani mwangu: mkunga, mama, binti wa Mungu

Saa 10 na nusu alfajiri mwanangu mdogo wa miezi saba ananiamsha anataka kunyonya, na huo ndo muda wangu wa sala, yani sipigi magoti wala siwashi taa, naegemea ukuta na mtoto kifuani naongea na Bwana kimoyomoyo. Kuna watu watakwambia hiyo sio sala kamili, mi nakataa. Hana alisali midomo ikicheza tu bila sauti, kuhani Eli akadhani kalewa, na Mungu akasikia.

Saa 12 nakamua maziwa naweka kwenye vikombe vya mfuniko, dada wa kazi anachemsha uji wa mwanangu mkubwa. Hapa niseme kitu. Kwenye kichen pati tunasomewaga Mithali 31, mke mwema anaamka kabla usiku haujaisha, tunapigiwa vigelegele tukaanze ndoa. Lakini mstari huohuo wa 15 unataja wajakazi wake na kwamba anawapa sehemu yao! Mbona hapo tunapita haraka? Mwanamke mwenzangu usione aibu kusaidiwa, na huyo anayekusaidia mpe haki yake na umuite kwa jina lake.

Daladala, foleni, saa 1 na nusu nipo leba napokea ripoti ya usiku. Wapo kina mama watatu, mmoja binti mdogo mimba ya kwanza, amekuja na mama mkwe ambae yuko nje, binti mwenyewe anatetemeka. Ananiuliza nesi nitakufa? Nikamshika mkono nikamwambia jina langu, nikamuuliza lake, tukaanza. Mapigo ya moyo wa mtoto nasikiliza kila nusu saa, njia ya uzazi tunapima kila baada ya masaa manne, yote yanaingia kwenye partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na katikati ya hapo namkanda mgongo, namwambia pumua mama, tembea kidogo, kunywa chai. Mwenzangu wa zamu ni Muislamu, yeye anasema Bismillah mi nasema kwa jina la Yesu na tunafanya kazi vizuri sana.

Saa 6 kasoro mtoto katoka, wa kike, kalia mwenyewe. Nikamlaza juu ya kifua cha mama yake, nikamchoma mama oksitosin, dawa ya kuzuia damu isimwagike, uniti 10 pajani ndani ya dakika ile ya kwanza maana damu baada ya kujifungua inaua wanawake wengi na sitaki ianze ndo nikimbie. Kondo likatoka zima. Yule binti akawa analia anacheka anataja jina langu. Mi kwangu hiyo ni ibada kabisa, sitenganishi na ya Jumapili.

Saa 9 na nusu nakabidhi zamu. Nyumbani, nyonyesha, homuwek ya mkubwa, kuoga.

Saa 12 jioni jumuiya, leo iko kwa jirani na neno naongoza mimi. Mama mmoja kabla hatujafungua Biblia akasema likizo yake ya uzazi inaisha, zile siku 84 zimeyeyuka, kesho anarudi benki na moyoni anajiona kazini atakua nusu na nyumbani nusu, hajui yeye ni nani tena. Kimya. Nikawafungulia Kutoka sura ya 1. Farao kaamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe wakizaliwa, na wakunga wawili wakakataa kwa sababu walimcha Mungu. Majina yao yameandikwa, Shifra na Pua. Jina la huyo Farao mwenye nchi nzima halijaandikwa popote kwenye sura ile! Na mstari wa 21 Mungu anawapa wakunga hao jamaa zao wenyewe. Kazi yao na nyumba zao vimo kwenye habari moja, mbele za Mungu mmoja, na kinachowatambulisha ni kwamba walimcha yeye. Nilimwambia yule mama, wewe hujagawanyika, wewe ni wa Mungu mzima mzima, kaunta ya benki na kitanda cha mtoto vyote anakuona.

Tulimuombea. Alafu nikabaki nae jikoni nikamuonyesha namna ya kukamua kwa mkono, nikamkumbusha sheria ya kazi inampa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, aongee na bosi wake asubuhi hiyohiyo asisubiri. Kanambia atanipigia saa 4 akitoka kuongea nae.