ECG na umri: meza ndefu ilinifaa kuliko jedwali

Naringa kidogo: siku hizi ukinipa ECG (mchoro wa umeme wa moyo) umeficha umri, nitakukisia kama ni ya mtoto mchanga, kijana au mzee, na mara nyingi napatia. Nilipoanza nilipewa ushauri wa ovyo: "Ijue ECG ya kawaida, isiyofanana nayo ni mbovu." Kawaida ya nani? Walinifundisha ya mtu mzima, kisha wakanipeleka wodi ya watoto.

Nikajaribu kukariri jedwali la viwango vya kila umri. Usiku namba zote ninazo, asubuhi mapigo ya mchanga nimempa kijana. Nikalitupa.

Kilichonitoa ni meza ndefu. Nilikusanya nakala za ECG, nikakata majina, nikakunja pale mashine inapoandika uamuzi wake, nikazipanga kuanzia aliyezaliwa jana hadi ajuza. Halafu nikawa natembea kando ya meza nikitazama V1 peke yake, yaani mchoro wa waya wa kwanza wa kifuani, kulia kwa mfupa wa kati. Raha iliyoje! Kwa mchanga wimbi la R, mchomo wa juu, limesimama wima, maana tumboni mwa mama ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia ndiyo iliyobeba kazi kubwa. Ukisonga mbele R inafupika, S, mchomo wa chini unaoifuata, inazama, kushoto kunatwaa madaraka. T, wimbi la moyo kujiandaa upya baada ya pigo, nayo ina vituko: siku za mwanzo imeinuka, baada ya wiki hivi inapinduka, na hubaki hivyo utotoni, kwa wengine hadi ujanani. Kwa hiyo T iliyopinduka V1 hadi V3 (nyaya tatu za kwanza za kifuani) kwa mtoto wa miaka 4 hainitoi jasho. Ikiinuka V1 ndipo nauliza kama ventrikali ya kulia imenenepa. Lakini mtu wa miaka 60, kifua kinamuuma, na T zimepinduka hivyo? Hapo nakimbia.

Vijana wembamba wana mawimbi marefu, mashine inalalamika kuwa ukuta wa moyo umenenepa. Mapigo yakipanda na kushuka na pumzi, waacheni. Na jazeni umri kwenye mashine, jamani. Isipoambiwa, huweza kumsoma mtoto kama mtu mzima.

Kwa wazee kinachoniudhi ni "uzee tu". PR, muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini, ikizidi sekunde 0.20 kidogo, sawa, miaka huleta hayo. Ila P, mawimbi madogo ya vyumba vya juu, zikipotea na mapigo yakakosa mpangilio kabisa, hiyo ni hatari ya kiharusi, hata kama wazee wengi wanayo. Njia ya umeme ya kushoto ikiwa imeziba na mzee hana maumivu, naomba kwanza ECG ya zamani. Daktari aliyepita atasema haipo. Muulize binti wa huyo mzee.